Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetaka kurudi 1914

Mpwa wangu,

Marahaba. Umeandika kwenye kundi la ukoo kwamba mtu mmoja tu akirudishwa nyuma na kitabu cha historia mkononi, anatosha kugeuza vita yoyote. Nakujibu hadharani kwa sababu vijiwe vya kahawa vya Kariakoo vimejaa wanaokuunga mkono.

Tuanze na Tanga, Vita Kuu ya Kwanza ilipofika kwenye koloni hili la Mjerumani, maana hapo ndipo hoja yako ina nguvu. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza, Fox, iliingia bandarini peke yake kumwarifu Mjerumani kwamba makubaliano ya kutoushambulia mji yamekwisha. Nyuma yake walikuwa wakija askari kama 8,000 kutoka India, na walinzi wa mjini walikuwa wachache. Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani, aliyekuwa upande wa Moshi, akapakia watu wake kwenye treni za reli ya Usambara, safari ya kilomita kama 350. Vita kubwa ilipowaka tarehe 4 alikuwa na watu wapatao 1,000. Mwingereza alichapwa, akaacha bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Watu hupenda kuwasifu nyuki waliowauma askari siku ile, lakini nyuki hawakuendesha treni.

Hapo habari ya kesho ingekuwa rahisi kuitumia. Jenerali Aitken, kamanda wa Mwingereza, hakuhitaji meli wala risasi ya ziada, bali amri moja: shusha watu siku hiyohiyo, usitume onyo. Lakini angekusikiliza nani? Alishauriwa achukue askari Waafrika wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, wanaoijua nchi hii, akakataa. Tena akikusikiliza tu, kitabu chako kimekufa: Tanga ikitekwa tarehe 2, Lettow haji tena tarehe 4 kama kilivyoandikwa. Atafanya jambo jingine, nawe utakuwa unabahatisha kama sisi wengine. Na vita yenyewe je? Dar es Salaam hii ilitekwa Septemba 1916, makao makuu kabisa ya koloni, na Lettow akaendelea kupigana mpaka alipoweka silaha chini Abercorn (leo Mbala, Zambia), 25 Novemba 1918.

Kujua peke yake hakutoshi. Mei 1941, kwenye Vita Kuu ya Pili, kule kisiwa cha Krete cha Ugiriki, Jenerali Freyberg aliyekilinda alikuwa ameshapewa mpango wa Mjerumani wa kukivamia, uliofumbuliwa kutoka kwenye mawasiliano ya siri. Kisiwa kikaenda, kwa sababu redio zilikuwa chache, makamanda wakapotezana, na kilima kinachoutazama uwanja wa ndege wa Maleme kikaachwa usiku. Mwaka uliofuata, kwenye vita vya Midway katika Bahari ya Pasifiki, Nimitz, amiri wa Mmarekani, naye alijua mpango wa Mjapani, ila yeye alikuwa na kitu cha kuweka juu ya habari hiyo: aliitengeneza Yorktown, manowari yake ya kubeba ndege iliyoharibika, kwa siku kama tatu na kuirudisha baharini. Mjapani alipoteza manowari nne za kubeba ndege. Yorktown nayo ilizama, lakini hesabu ilishageuka.

Sasa vita ya Maji Maji dhidi ya Mjerumani, ambayo najua ndiyo inayokuuma. Unataka kumfikia mganga Kinjeketile pale Ngarambe umwambie maji, mafuta ya nyonyo na mtama havizuii risasi. Lakini imani hiyo ndiyo iliyowaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na Wangoni. Ukiing'oa, hujawaokoa na rashasha za Mjerumani kule Mahenge tu, umeuvunja muungano wenyewe.

Habari yenye faida ilikuwa ya chakula. Mjerumani alichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua kuliko risasi. Piga hesabu: mtu mmoja nusu kilo ya nafaka kwa siku, familia ya watu sita kilo tatu, kwa mwaka ni magunia 11 ya kilo mia. Mapambano yaliendelea mpaka 1907, kwa hiyo weka 22. Mtama ukaushwe sawasawa, uchanganywe na majivu, uzibwe kwenye vyungu na kufichwa mapangoni milima ya Matumbi. Ukiwa na unyevu, fukusi na ukungu wataumaliza kabla ya adui. Vita ilianza Julai 1905, hivyo ukifika mwezi huo umechelewa; ilibidi watu waongeze mashamba msimu mzima kabla, wakati mikono yao imeshikwa na kilimo cha lazima cha pamba ya serikali.

Kwa hiyo ukijibu, usiniambie "ningewaambia". Niambie ungemwambia nani, tarehe ngapi, na hayo magunia 22 yangetoka shamba gani.

Mjomba wako