Seva inatuma haraka lakini inapokea kwa kusuasua: tunaanzia wapi

Mteja akitupigia kusema seva yake ya Unix inasuasua, swali letu la kwanza huwa moja: inasuasua kupokea au kutuma? Wengi hawajawahi kujiuliza. Wakijaribu pande zote mbili hugundua kwamba faili zinatoka vizuri tu, ila zinazoingia ndizo zinazojikokota. Jibu hilo linatupunguzia kazi sana. Waya ni uleule na mashine ni ileile, kwa hiyo tatizo la upande mmoja lina sehemu chache za kujificha.

Kwanza hakikisha kasi ni ndogo kweli. Kasi ya kiungo hutajwa kwa megabiti, ilhali programu za kunakili huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kiungo cha megabiti 100 kwa sekunde hakivuki megabaiti 12.5, na ukiondoa vichwa vya pakiti (taarifa za anwani zinazosafiri pamoja na kila kipande cha data) unabakiwa na kama 11.7. Ukiona 11, seva yako ni nzima. Unachohitaji ni kiungo kipana zaidi, na hatutakutoza pesa za ufundi kwa hilo.

Kisha tenganisha waya na diski. Tunasisitiza hatua hii kuliko zote, maana ndiyo watu huiruka. Programu ya iperf3 hupitisha data kutoka kumbukumbu ya mashine moja hadi nyingine bila kugusa diski hata kidogo. Kwenye seva andika `iperf3 -s`, na kwenye mashine ya pili `iperf3 -c` ikifuatwa na anwani ya seva. Hapo data inaingia kwenye seva. Rudia amri ya pili ukiongeza `-R`, na data itatoka. Poti 5201 isiwe imezuiwa. Kama kuingia ni kubovu hata hapa, achana na diski. Kama ni kuzuri, achana na mtandao.

Mteja wetu mmoja alikuwa na seva ya kupokea nakala rudufu kila usiku. Kazi iliyopaswa kuisha kabla ya saa nane usiku ilikuwa ikimkuta asubuhi bado inaendelea. Kabla ya kutuita alikuwa amebadilisha mipangilio ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi) mara mbili na kuagiza diski mpya. Ping, yaani pakiti ndogo ya kujaribu kama mashine inajibu, ilijibu vizuri, haikupoteza hata pakiti moja, ndiyo maana hakuna aliyeushuku mtandao. Tulipoandika `ethtool eth0`, amri inayoonyesha hali ya kadi ya mtandao, mistari miwili ilieleza yote: Speed: 100Mb/s, Duplex: Half.

Kumbe kuna mtu aliwahi kuifunga poti ya swichi kwa mkono kwenye megabiti 100, dupleksi kamili (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja), huku kadi ya mtandao ya seva ikiachwa ijipange yenyewe. Kadi inayojipanga ikikutana na upande usiojibu mazungumzo inaweza kutambua kasi, lakini haiwezi kutambua dupleksi, na kanuni za Ethernet zinaitaka ichukue nusu dupleksi (kutuma au kupokea, kimoja kwa wakati). Basi swichi inatuma wakati wowote inapotaka, na seva inadhani ni lazima wapokezane. Kila mara seva inapojaribu kurudisha uthibitisho wa kupokea huku data nyingine inaingia, yenyewe inahesabu mgongano na fremu (kifurushi cha data cha Ethernet) iliyokuwa ikiingia inapotea. Pakiti ndogo moja kwa sekunde, kama ya ping, haipati wa kugongana naye. Faili kubwa inagongana kila wakati.

Dawa yake ni kuacha pande zote mbili zijipange zenyewe, au kuzifunga zote mbili sawasawa. Sisi hushauri la kwanza, na kwa gigabiti kwenye waya wa shaba kujipanga huko ni lazima. Ushahidi utaupata kwenye vihesabio: upande wa nusu dupleksi huonyesha migongano, hasa ile ya kuchelewa (late collisions), na upande wa dupleksi kamili huonyesha makosa ya CRC, yaani fremu zilizofika zikiwa zimeharibika. Kama kuna CRC peke yake, bila migongano upande wowote, badilisha kebo kwanza.

Hali ni nyingine mtumaji akiwa mbali. Katika TCP, itifaki inayosafirisha data nyingi za mtandao, mpokeaji ndiye anayetangaza kiasi cha data anachoweza kukipokea kabla ya kuthibitisha, na kiasi hicho huitwa dirisha. Bila nyongeza ya kulikuza, iliyoelezwa katika waraka wa kanuni za intaneti RFC 1323 mwaka 1992, dirisha haliwezi kupita baiti 65,535. Safari ya kwenda na kurudi ikichukua milisekunde 200, madirisha matano tu ndiyo yanayopita kwa sekunde, yaani kilobaiti 328 hivi, hata kiungo kiwe cha gigabiti. Nasa pakiti za mwanzo kwa programu ya tcpdump na utafute wscale (alama ya nyongeza hiyo) kwenye SYN, pakiti za kufungua muunganisho, za pande zote mbili. Ikikosekana, kuna kifaa njiani kinachoifuta au mfumo wa zamani usioijua.

Linux ya leo hukuza yenyewe bafa ya kupokea (kumbukumbu ya kuhifadhi data kwa muda) hadi namba ya tatu katika `net.ipv4.tcp_rmem`, isipokuwa programu ijiwekee ukubwa wake. Kwenye seva za Samba, programu ya kushirikisha faili na mashine za Windows, bado tunakuta mstari wa `SO_RCVBUF=8192` uliorithiwa kutoka miongozo ya zamani. Mstari huo unazima ukuzaji wa moja kwa moja na kuibana seva kwenye bafa ndogo mno. Ufute, uanzishe huduma upya, upime tena.

Iperf3 ikiwa safi, dalili ya diski ni hii: faili kubwa inaanza kwa mbio, kisha baada ya muda inazama. Mwanzoni data ilikuwa inaingia kwenye kumbukumbu, na sasa inasubiri kuandikwa. Tazama `iostat -x 1`, inayoonyesha shughuli za diski kila sekunde, wakati wa kunakili. Kama una RAID ya Linux (diski kadhaa zinazofanya kazi kama kundi moja), soma `/proc/mdstat`. Alama ya `_` mahali pa `U` maana yake diski moja imetoka kundini, na hilo ni la kushughulikia leo kabla hujafikiria kasi.

Ukituita, tutumie matokeo ya iperf3 kwa pande zote mbili, yale ya `ethtool` au `ifconfig`, na saa tatizo lilipoonekana mara ya kwanza. Tafadhali usiwashe seva upya kabla hatujaiona, kwa sababu vihesabio vya makosa hurudi sifuri.