Kikao cha Jumamosi: tukubaliane hadhi za barabara

Habari za jioni wanaramani wa OpenStreetMap (ramani huria ya mtandaoni tunayoichora wenyewe), poleni na mvua.

Kuna barabara moja ya mtaa hapa Tandale wiki hii imebadilishwa hadhi kwenye ramani mara tatu: track (njia ya shambani au msituni), residential (barabara ya makazi), kisha path (njia nyembamba isiyo ya magari). Kila mmoja ana hoja yake, lakini mwenye kutumia ramani ndiye anayepotea. Tukae tuyamalize.

Jumamosi, saa 4 kamili asubuhi, Soko la Tandale, pale bajaji zinapopaki. Tutatembea kwanza, kompyuta baadaye. Mchango sh. 3,000 kwa chai na bando.

Napendekeza hivi:

1. Hadhi ifuate kazi ya barabara, si lami. Ya vumbi inayounganisha miji miwili bado ni barabara kubwa. Vumbi lake tunaliandika kwenye surface, yaani sehemu ya kutaja aina ya uso wa barabara. Huu ndio mwongozo wa OpenStreetMap kwa Afrika, sikuutunga mimi.
2. Track tuwaachie mashamba na misitu. Penye nyumba za watu ni residential, hata iwe mashimo matupu.
3. Vichochoro. Hapa najua tutabishana. Kwangu mimi, bodaboda ikipita na bajaji ikakwama, hiyo ni path. Mwenye tepu ya kupimia aje nayo, yangu imekatika.

Hadi Jumamosi tusibadilishe hadhi ya barabara yoyote, tafadhali. Majengo na mitaro endeleeni kuchora.

Andika "Nipo" au "Sipo" kabla ya Alhamisi saa 3 usiku, nijue chai ya wangapi.