Bei ya ofa na thamani ya benki ni vitu viwili

Mhariri,

Katika vitongoji ambako nyumba moja hugombewa na wanunuzi wengi, ushauri unaosikika ni kupandisha bei na kufuta masharti ya ofa, kama lile la kukagua nyumba kwanza. Kuna hesabu inayosahaulika hapo. Benki hukopesha kwa kufuata thamani aliyokadiria mthamini, si bei mliyokubaliana na muuzaji. Chukua nyumba iliyothaminiwa 100, nawe umeahidi 110, na benki inakopesha asilimia 80. Utapewa 80, zile 30 zitoke mfukoni mwako, wala si 22 ulizopigia hesabu. Bado ada ya wakili, kodi na usajili wa hati.

Kufuta sharti la ukaguzi ni kubaya zaidi. Muuzaji akikataa sharti hilo, mpeleke mkaguzi kabla ya kutoa ofa. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu kwa kawaida hazitishi. Ufa unaopanda kwa ngazi kwenye matofali, tena mpana, na milango ya karibu inakwama, huashiria msingi unaotitia. Rangi mpya sehemu ya chini ya ukuta mmoja tu? Uliza, huenda imefunika unyevu.

Barua ya benki ya kukubaliwa mkopo awali, pamoja na tarehe ya kuhama inayomfaa muuzaji, wakati mwingine hushinda ofa kubwa yenye mashaka. Ila barua hiyo si mkopo: ukichukua mkopo wa gari kabla ya kukamilisha ununuzi, benki inaweza kughairi.

Msomaji wenu