Barua kwa Zaituni: desimali nilizozikata mapema

Mbale,
Novemba

Mpendwa Zaituni,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wazee wako huko Arua. Mimi sijambo mwilini, lakini tangu tulipofanya karatasi ya pili ya hisabati sijapata usingizi wa kutosha, na kwa kuwa wewe ulifanya mtihani huohuo, nimeona nikueleze kabla ya mtu mwingine yeyote.

Bila shaka unalikumbuka lile swali la alama 12 katika sehemu B, lililotutaka tutumie kanuni ya trapeza, yaani kuligawa eneo katika vipande vya umbo la trapeza na kuvijumlisha, kupata eneo lililo chini ya mchoro wa 1/x kuanzia 1 hadi 2, kwa vipande vinne, na tutoe jibu kwa nafasi tatu za desimali. Njia niliijua vizuri sana. Nilikuwa nimeliacha hadi mwisho, zikiwa zimebaki dakika ishirini hivi, na kwa haraka nikajaza jedwali langu: 1, 0.8, 0.67, 0.57 na 0.5. Nikajumlisha ya kwanza na ya mwisho, nikaongeza yale ya katikati mara mbili, nikazidisha kwa 0.125, yaani nusu ya upana wa kipande kimoja, nikapata 0.6975, nami nikaikadiria kuwa 0.698. Usiku ule nilirudia hesabu nyuma ya daftari, safari hii nikiandika 0.6667 na 0.5714, nikapata 0.6970. Jibu lilikuwa 0.697. Niliitazama ile tarakimu ya mwisho kwa muda mrefu, maana sikukosea fomula wala sikukosea kujumlisha. Nilikata desimali kabla ya wakati wake, basi.

Kosa halikuishia hapo. Kipengele kilichofuata kilitaka asilimia ya kosa tukilinganisha na thamani halisi, ambayo ni 0.693, na aliyeanza na 0.697 alipata 0.58, wakati mimi niliandika 0.72. Mwalimu wetu alizoea kutuambia kwamba alama ya njia haipotei kwa sababu ya jibu, ila alama ya usahihi hutolewa kwa thamani iliyo sawa tu. Kwa hesabu yangu nimepoteza alama mbili, pengine tatu, ikiwa msahihishaji atalikataa hata jedwali lenyewe.

Linaloniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimeonywa. Mwalimu huyohuyo alitusimulia habari za soko la hisa la Vancouver, huko Kanada, lililoanzisha kipimo chake cha bei mwaka 1982 kikiwa 1000, na kompyuta ikawa inakata desimali zote zilizozidi nafasi ya tatu kila kipimo kilipokokotolewa upya, mara maelfu kwa siku. Kufikia Novemba 1983 kipimo kilisoma takriban 525, ilhali kilistahili kuwa karibu 1099. Habari hizo niliziandika daftarini kwa mkono wangu. Hata katika maswali ya mekanika siku ile nilikuwa mwangalifu, nikatumia 9.8 kama karatasi ilivyoagiza na kuacha majibu ya kati ndani ya kikokotoo hadi hatua ya mwisho.

Unajua kwa nini alama tatu zinanisumbua kiasi hiki. Nimeomba uhandisi Makerere, na kwa kozi hiyo hisabati ni somo la msingi ambalo pointi zake huzidishwa mara 3. A ni pointi 6 na B ni pointi 5, kwa hiyo nikiteleza kutoka A hadi B nitakuwa nimepoteza pointi tatu nzima katika jumla yangu. Baba hawezi kunilipia ada. Tegemeo langu ni ufadhili wa serikali, na huko wanaoshindania nafasi ni wengi na wote wamesoma.

Nakuomba unijibu mapema, uniambie uliandika tarakimu ngapi katika jedwali lako, na kama mwalimu wenu aliwahi kuwaeleza jinsi jedwali lenye nafasi mbili za desimali linavyosahihishwa pale jibu linapotakiwa kwa nafasi tatu. Na kama wewe pia uliandika 0.67, tafadhali usinifiche.

Nisalimie mama na wadogo zako wote.

Rafiki yako,
Hadija