Barua kwa mwanangu mchonga chapa

Tukuyu, Rungwe

Mwanangu mpendwa,

Ugonile? Huku mvua haijakatika, leo siku ya nne. Migomba miwili ya nyuma ya jiko imeanguka, lakini sisi tu wazima.

Bahasha yako imefika. Nimekaa na zile karatasi mezani hadi chai ikapoa. Ile yenye mkungu wa ndizi na jina la mteja wako chini nimeitazama kwa miwani ya marehemu baba yako: kila ndizi ina mkwaruzo mmoja mweupe wa mwanga, na mikwaruzo yote imeelekea upande mmoja.

Nikakumbuka ile likizo ya Juni ulipochonga lino yako ya kwanza, kile kipande cha linoleamu ya kutandika sakafuni. Baridi ilikuwa kali, lino imekakamaa kama soli ya kiatu, ukawa unaisogeza karibu na jiko la mkaa ilainike kabla hujaigusa kwa patasi. Ukaipaka wino, ukalaza karatasi juu yake, ukaisugua kwa mgongo wa mwiko wangu. Ulipoibandua, jina lako lilikuwa limetoka kinyumenyume. Ukalia. Mimi nikasema afadhali ungesomea uuguzi. Neno lile nalijutia hadi leo. Nisamehe, mwanangu.

Unaniambia wenzako wanachora kuta za mahoteli, wewe umebaki na picha za hadithi za watoto na vibandiko vya vitabu, vile vikaratasi vya kubandika ndani ya jalada kumtaja mwenye kitabu, vitu vya ukubwa wa kiganja, na unauliza kama umepotea njia. Hujapotea. Tangu barua yako ifike nimekuwa nikisoma habari za watu wa kazi yako. Thomas Bewick wa Newcastle, Uingereza, alianza uanagenzi mwaka 1767 akiwa na miaka 14, kwenye karakana iliyochonga chochote kilicholetwa na wateja, vibandiko vya vitabu vikiwemo. Kitabu chake cha ndege wa Uingereza kilianza kutoka mwaka 1797, mwenyewe keshavuka miaka 40. Alichonga kwenye mti mgumu, si ubavuni mwa ubao bali kwenye uso wa gogo lililokatwa kukingama, mahali ambapo nyuzi za mti haziyumbishi chombo. Ndiyo maana unyoya wa ndege wake unaonekana nywele kwa nywele. Na picha zenyewe ni ndogo, kama zako.

Vibandiko navyo si kazi ya juzi. Kule Ujerumani, yapata mwaka 1480, Hildebrand Brandenburg aliwapa watawa wa Buxheim vitabu vyake vikiwa na kikaratasi cha malaika aliyeshika ngao yenye ng'ombe dume. Lakini kilichonigusa zaidi ni kile ambacho Albrecht Dürer, msanii wa huko huko Ujerumani, alimbunia rafiki yake Willibald Pirckheimer. Kwenye kikaratasi hicho pameandikwa kwa Kilatini: kwa ajili yake na rafiki zake.

Unajua vitabu vyangu vilivyoazimwa visirudi. Miaka yote nilitamani kikaratasi cha kuandika RUDISHA kwa herufi kubwa. Sasa sitaki tena. Nichongee changu kiandikwe: Cha Mwalimu na wanafunzi wake. Weka dirisha la darasa la tatu, lile lisilo na kioo, na mlima Rungwe nyuma yake, ukungu ukiwa umefunika kilele. Ukungu usiuchonge mwingi. Uache karatasi yenyewe iwe ukungu, kama ulivyofanya kwenye ile picha ya mtoto na mbuzi.

Nataka nakala 80, upana usizidi vidole vinne, maana vitabu vingine ni vidogo. Tia sahihi yako kwa penseli kwenye kila moja. Bei nitajie ile ile unayowatajia wateja wengine, wala usinipunguzie kwa kuwa ni mama yako. Gundi ya unga wa ngano nitapika mwenyewe.

Ukizituma kwa basi, zifunge kwenye nailoni mara mbili. Mvua hii haina dalili ya kuacha.

Ndaga fijo.

Mama yako