Kumlaza mgeni si kumuuza

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita juu ya wahamiaji wa Ulaya iliweka kapu moja mtu anayelipwa ili avushe watu mpakani na mtu anayewapa chakula na pa kulala. Naomba nafasi nipinge, maana hapo ndipo sheria za Ulaya zenyewe zilipopotea njia.

Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 inasema kosa ni kuvusha watu ili upate fedha au faida nyingine ya mali. Umoja wa Ulaya ulipotoa agizo lake mwaka 2002, uliliondoa sharti hilo la faida kwa anayemsaidia mtu kuingia au kupita, na kila nchi ikaachiwa iamue kama itawasamehe wanaosaidia kwa huruma tu. Kwa sheria ya namna hiyo Cédric Herrou, mkulima wa bonde la Roya huko Ufaransa, alihukumiwa kwa kuwasaidia wahamiaji waliotokea Italia. Ilibidi Baraza la Katiba la Ufaransa litamke, tarehe 6 Julai 2018, kwamba undugu ni kanuni ya katiba, na kwamba mtu yuko huru kumsaidia mwenzake kwa utu bila kujali kama ana makaratasi.

Ubelgiji, ambako wengi wetu tuna ndugu, raia waliowalaza wahamiaji majumbani mwao walipelekwa mahakamani Brussels. Waliachiwa huru na mahakama Desemba 2018, lakini baadhi yao walikuwa wameshakaa gerezani. Jirani aliyeyaona hayo atamfungulia nani mlango usiku?

Sisi watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, tunaishi kwa milango iliyofunguliwa. Volkano ya Nyiragongo ilipounguza mji Januari 2002, umati ulivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Mei 2021 tukakimbia tena, wengine Sake, wengine Minova, wengine Bukavu, na wengi tukapokewa na familia tusizozijua. Mama waliotupikia fufu na sombe hakuna aliyewaitia polisi.

Najua watakaonijibu kwa mwaka 1994. Mamia ya maelfu ya watu walitufikia kutoka Rwanda, kipindupindu kikaua maelfu, na wenye silaha walikuwa ndani ya umati huo. Ni kweli, na bado tunaumia. Lakini aliyeingiza bunduki ni mtu mmoja, na mama aliyemnywesha maji mtoto aliyelala kando ya barabara ni mtu mwingine kabisa. Sheria isiyoweza kuwatenganisha hao wawili haimlindi yeyote. Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1969 wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ulishasema kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la utu.

Basi mkiandika tena juu ya mtu aliyekamatwa akiwa na wahamiaji, ulizeni kwanza kama alilipwa. Kama hakulipwa, semeni hivyo katika sentensi ya kwanza.

Msomaji wenu,
Birere, Goma