Jiko banifu tumefundishwa, kuchanja kuni je?

Ndugu Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako niongelee kuni. Najua sa hivi habari ya mjini ni nishati safi na mkakati wa serikali unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaipikia, sawa hatukatai, ila huku Njombe wengi wetu bado ni kuni na ugali wa leo lazima uive leo.

Kinachonikera, wanakuja watu kutufundisha kujenga majiko banifu ya udongo, yale ya kubana matumizi ya kuni, mdomo wa jiko wanapima, njia ya moshi wanapima, wakifika kwenye kuni wanasema tu tumieni kavu jamani, haoo wanapanda gari. Basi mama anachukua gogo lilelile alilozoea kwenye mafiga analisukumiza humo mpaka mdomo wote unajaa, sasa hewa itapita wapi? Moshi unamrudia usoni, sufuria masizi tupu, wiki ijayo utasikia jiko halifai na mafiga yamerudi.

Jiko halina shida, shida ni unene. Kwa haya yenye mdomo mdogo kuni iwe sentimita 3 mpaka 5 hivi, uweke mbili tatu, chini yake uache uwazi moto upate pumzi, afu unasogeza ndani taratibu kadiri ncha zinavyoungua. Ila usipitilize nako, maana kuna wanaochanja mpaka vinakuwa vibanzi, vile ni vya kuwashia tu, ukivijaza jikoni vinalipuka vyote kwa pamoja moto unatokea mdomoni na muda si mrefu vimeisha, huwezi hata kwenda kuchota maji. Mi ugali napikia nyembamba kwasababu nataka moto mkali wa haraka, maharage yakishachemka naweka nene kidogo moja inatosha, inakaa inawaka polepole huku naendelea na mambo mengine.

Na huo ukavu wanaousema nao unategemea shoka. Gogo lenye ganda lake linafungia maji ndani, unaweza ukaliacha nje kiangazi chote ukilipasua katikati bado bichi, lakini ukishalichanja maji yanapata pa kutokea. Halafu milingoti, yaani mikaratusi, ichanjwe ingali mbichi, ikikaukia kwenye gogo shoka linadunda tu, na penye kifundo ndo usiguse kabisa achia hapo, hicho ni cha kuota moto.

Maana kweli sikatai, Juni na Julai kwa baridi yetu hii kila mtu anataka gogo la muwati likeshe linawaka watu wakae pembeni wajipashe, na nadhani ndo maana tumezoea minene. Lile la kuota liwe la kuota na za kupikia ziwe za kupikia, tusichanganye.

Ombi langu ni kwa wauza kuni, mnatuuzia mafungu ya magogo mnajua kabisa anayeenda kuyachanja ni bibi wa watu au mtoto katoka shule. Wekeni na mafungu yaliyochanjwa tayari, nyembamba peke yake na nene peke yake, mi mwenyewe naongeza hela hapohapo bila kubishana bei.

Msomaji wako, Njombe